Gari Lililokuwa kwa Fundi

Jambo la kwanza nililofanya tulipohamia kwa babu, kabla hata sijamwamkia mtu, ni kusema uongo kuhusu gari. Watu wengine wakihamia mahali huanza kwa kuuliza choo kiko wapi. Mimi nilianza kwa kutangaza kwamba gari letu liko kwa fundi.

Nieleze ilivyokuwa. Msinichukie kabla ya wakati, sababu zitakuja zenyewe.

Lori lililotubebea vitu kutoka mjini Kisii lilitufikisha pale lami inapoishia, juu kidogo ya Nyaramba. Dereva alishuka, akaitazama ile barabara ya udongo mwekundu inayoteremka katikati ya mashamba ya chai, akasema yeye ana mke na watoto wanaomtegemea. Kisha akaanza kushusha vitu vyetu kando ya barabara kama mtu anayefungua duka. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Mama alisimama katikati ya masufuria na magodoro, akivihesabu kwa macho. Tangu baba afariki, mama alikuwa amepunguza maneno kama mtu aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi.

Watu wakaanza kutokea kwenye chai. Wanawake waliokuwa wakichuma majani waliacha vikapu, vijana wakatoka dukani, na mzee mmoja ambaye mimi ningemsaidia kuvuka barabara akajitwika meza yetu kichwani, akaondoka nayo bila kuyumba. Hakuna aliyekuwa ameitwa. Kitanda cha mama kiliteremka mlimani kikiwa kimeota miguu ya watu. Kijana mmoja wa rika langu aliikumbatia tivii yetu kama mtoto mchanga mwenye homa. Mimi, jitu zima la kidato cha tatu, nilipewa ndoo ya vijiko.

Yule kijana wa tivii ndiye aliyeniuliza. "Lile gari jeupe la mzee wenu liko wapi? Si lingebeba hata hizi vitu ndogo ndogo?"

Kila mtu huku alilijua gari la baba. Baba alikuwa dereva wa teksi Kisii, na kila Desemba tulikuja nalo, limeoshwa, limejaa mkate na sukari. Siku hizo babu alikuwa anaketi kiti cha mbele, kofia yake imekaa magotini, anapelekwa hadi Magwagwa na kurudishwa bila sababu yoyote. Hakuwa na shida Magwagwa. Alitaka tu kupita mbele ya watu akiwa amefungwa mkanda.

Gari liliuzwa baba akiwa bado wodini. Mama hakutangaza, na watu wa huku hawakujua. Kumjibu yule kijana kungehitaji neno moja tu: liliuzwa. Lakini nilikuwa nimebeba ndoo ya vijiko, kiatu changu kimoja kimemezwa na matope, na maisha yetu yote yako vichwani mwa watu wengine. Nikaona angalau kitu kimoja kibaki chetu.

Nikasema, "Liko kwa fundi."

Basi. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo hivyo. Mama alikuwa mbele sana, amebeba mtungi wa gesi begani, hakusikia.

Kisha nikauongezea nyama. Ndani ya koti la baba nilikuwa nimekuta ufunguo wa akiba wa lile gari, ule ambao mnunuzi alisahau kuuulizia. Nikaufunga kwa kamba ya kiatu, nikawa natembea nao. Jioni tulipopeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, watu wakiwa wamepanga foleni na vikapu vyao, mimi nilikuwa nauzungusha kidoleni. Nilijua unavyolia ukigonga ukucha wangu. Nilijua pia kwamba nikiuweka puani, bado unanuka mkono wa baba, sigara na chungwa. Hilo la pili sikumwambia mtu.

Sasa niwaambie maisha bila gari, kwa faida ya watu wa mjini wanaofikiri huku kwetu Nyamira ni picha ya kalenda. Shule ilikuwa upande wa pili wa bonde. Unateremka umebeba viatu mkononi, unavuka kijito, unaosha miguu, unavaa viatu, unapanda, unateleza, unarudi kuosha miguu. Nilifika darasani nikiwa na rangi mbili kama bendera. Gesi ilipoisha mara ya kwanza tuliitazama tu, mimi na mama, kisha akaenda kuokota kuni. Hatukununua tena. Sukari, unga, mafuta ya taa, vyote vilipita mlima huo juu ya vichwa vyetu, na nikagundua kwamba shingo yangu, ambayo zamani kazi yake ilikuwa kugeuka kuangalia wasichana, ilikuwa na matumizi mengine.

Nilikuwa nachekesha watu kwa stori hizo. Nikifika kituoni, wanawake wanasema, "Huyo kijana wa taoni amefika, hebu atuambie ameanguka wapi leo." Nawaambia, nawaonyesha na matope ya makalioni. Wanacheka mpaka majani yanamwagika. Ilikuwa kazi nzuri ya kufanya, maana mtu anayechekwa haulizwi habari ya baba yake.

Na nyumbani kulikuwa na babu.

Nyumba yake na yetu zilitazamana, katikati kuna uwanja mdogo na mgomba mmoja mchoyo ambao haujawahi kutoa ndizi. Babu alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, mrefu, mkavu, mwenye moyo uliochoka kusukuma damu. Miguu yake ilikuwa inavimba jioni kama unga uliotiwa hamira. Na kati yake na mama kulikuwa na chinsoni.

Kama wewe si wa kwetu, chinsoni ni heshima iliyochanganyika na haya. Mke wa mtoto hamsalimii baba mkwe kwa mkono. Hamkazii macho, haketi kando yake, haingii chumba anacholala, na yeye vilevile haingii ndani kwa mkwewe. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, wanakaa pamoja wanatazama taarifa ya habari. Babu hakuwa amelegeza kitu. Na mama, aliyezaliwa mbali upande wa Nyamarambe na sasa amekuja kuishi hapa bila mume, hakutaka watu wapate la kusema. Kwa hiyo walikuwa wanazungumza kupitia kwangu, hata wakiwa wote uwanjani.

"Mwambie babu yako chai iko tayari," mama anasema, akiangalia mgomba.

"Babu, chai iko tayari."

"Mwambie mama yako nimesikia," babu anasema, akiangalia mgomba uleule.

Kumpa mtu kama mimi kazi ya namna hiyo ni kumchokoza shetani. Mama akisema, "Mwambie ameze dawa," mimi nasema, "Babu, mama anasema ukimeza dawa kuna kuku Jumapili." Babu akisema, "Mwambie mboga ilizidi chumvi," mimi nasema, "Mama, babu anasema hajawahi kula mboga kama hiyo," ambayo kwa kweli haikuwa hata uongo. Nafikiri wote wawili walijua. Siku moja babu alisema kitu kirefu kuhusu matumizi ya kuni, nikakigeuza kuwa pongezi, na nikamwona mama akiinama haraka kwenye karai kuficha uso. Babu naye alikuwa ameshika kofia mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumwona mama akicheka, na alicheka pamoja na baba mkwe wake bila mmoja kumwangalia mwenzake.

Kila mwezi babu alikuwa na kliniki ya moyo, huko hospitali kubwa. Aliyempeleka alikuwa baba ya yule kijana wa tivii, ambaye tulikuwa tumeishia darasa moja. Mzee huyo alikuwa na pikapu ya kubeba ndizi kwenda soko la Kisii. Asubuhi ya kliniki alikuwa anapita langoni, anapiga honi mara moja, anashuka kumshika babu mkono mpaka kiti cha mbele. Hakuwahi kuombwa. Alianza baba alipougua, akaendelea. Babu alikuwa anavaa koti la kanisani siku hiyo na kofia, na kwa muda wa safari nafikiri alisahau kwamba nyuma kuna ndizi.

Siku moja, wiki ya kliniki, tulikuwa nje ya darasa mimi na yule kijana na wengine. Ufunguo ulikuwa kidoleni.

"Hilo gari lenu," akasema, "huyo fundi analitengeneza ama analizaa?"

Wakacheka. Mimi ndiye huwa nachekesha, sipendi kuchekwa bila kupanga mwenyewe.

"Limetoka kitambo," nikasema. "Tunangoja tu barabara ikauke."

"Nani ataendesha?"

"Mama. Mwambie mzee wako apumzike, asisumbuke na babu tena. Babu sasa hasafiri na ndizi."

Wakacheka tena, na safari hii walikuwa wanacheka upande wangu. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Hata sikukumbuka kwamba nimesema.

Asubuhi ya kliniki babu alikuwa langoni mapema, koti, kofia, fimbo. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwetu, mbali naye, amekunja mikono. Tukasikia pikapu ikija kutoka juu. Babu akanyoosha koti. Kisha sauti ikageuka, ikaenda na barabara ya chini ya kituo cha chai, ikapotea.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

"Mwambie babu yako labda ameenda kuchukua ndizi kwanza, atarudi," mama akasema.

Nikamwambia. Tukangoja. Babu aliketi juu ya jiwe la lango na miguu yake imejaa viatuni. Hakuna aliyetaja kupiga simu. Mtu ambaye hujawahi kumwomba, huwezi kumpigia kumuuliza mbona hajaja.

Mama akasema, "Mwambie nitaita boda. Wewe utaketi nyuma yake umshike."

Babu akajibu mgomba kwamba yeye hajawahi kupanda mnyama asiye na mbavu, na hataanza leo akiwa na koti la kanisani. Angengoja mwezi ujao. Dawa zilizobaki angezigawanya zifike.

Ningeweza kusema wakati huo. Ningekimbia mpaka kwa mwenye pikapu nikamwambia hakuna gari, kuna ufunguo tu. Badala yake nikaangalia saa, nikasema nina mtihani wa hesabu, nikateremka bondeni nikiwa nimebeba viatu. Darasani yule kijana akaniambia, "Baba amepita chini leo. Amesema hata yeye anafurahi, ile njia yenu inamaliza springi." Nikasema, "Mwambie karibu." Sijui kwa nini nilisema karibu.

Nilipanga kurekebisha mambo Jumamosi, siku ya Sabato, kanisani, kwa sababu huko yule mzee hangenipiga. Huo ulikuwa mpango wangu, kama mnapenda kujua akili zangu zilivyo.

Sabato hiyo babu hakuamka vizuri. Alisema, kupitia kwangu, kwamba amepungukiwa pumzi kidogo na atasalia akisoma Biblia. Mama akabaki kumwangalia kutoka upande wetu wa uwanja. Mimi nikatumwa kanisani na sadaka. "Na urudi mara moja ibada ikiisha," mama akasema. "Leo usikae na watu."

Yule mzee wa pikapu alikuwa ameketi safu ya mbele, shingo imenyooka ndani ya tai. Nilimwangalia muda wote wa Shule ya Sabato, lile somo la asubuhi, nikipanga maneno. Tulipotoka kupumzika kabla ya ibada kubwa, maneno yakanitoroka, nami nikatoroka yakiwa mbele yangu. Niliteremka mpaka kwenye duka la Mkatoliki, ambalo siku ya Sabato ndilo pekee huwa wazi, na ndiko wanafiki wa kanisa letu hukutana kunywa soda. Yule kijana alikuwepo na wengine. Nikaketi kwenye kreti, nikatoa ufunguo, nikaanza kuwaonyesha baba alivyokuwa anakata kona ya Nyaramba kwa mkono mmoja.

Boda ilitokea chini, ikipanda taratibu, inateleza, mwendeshaji ameshusha miguu yote miwili.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kofia. Ilikuwa kofia ya babu, ile nyeusi yenye utepe, na ilikuwa kichwani mwa mwanamke. Nikacheka. Mdomo wangu ndivyo ulivyofundishwa, ukiona kitu hakijakaa mahali pake unacheka, na nilicheka kabla ya wote. Wakageuka kuangalia ninachocheka, nao wakacheka.

Kisha boda ikafika mbele yetu. Katikati alikuwa babu na koti lake juu ya nguo za kulalia. Nyuma yake alikuwa mama. Alikuwa amemfunga kwa leso yake ya kujifunga kiunoni, ikapita kifuani mwa babu ikazunguka mgongoni mwake yeye, fundo kubwa, kama anavyofungwa mtoto asianguke. Mikono yake miwili ilikuwa imemzunguka. Kichwa cha babu kilikuwa kimelala nyuma, begani kwake, mdomo wazi. Na kofia alikuwa ameivaa yeye kwa sababu hakuwa na mkono wa kuishikia.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akinunua chumvi alifunika uso kwa kitambaa. Si mgonjwa aliyemshtua. Ilikuwa ni mkamwana amefungwa mwili kwa mwili na baba mkwe, mchana, amevaa kofia yake, mbele ya duka.

"Msee," yule kijana akasema, bado ana kicheko mdomoni, "kwani hilo ndilo gari lenu?" Kisha akatambua. Akaniangalia, akaangalia ufunguo.

Mama alinipita. Sijui kama aliniona. Macho yake yalikuwa kwenye tope lililo mbele.

Niliwakimbilia. Boda hata ikiteleza inamshinda mtu aliyevaa viatu vya kanisani. Nilikimbia mpaka lami, nikatembea, nikakimbia, kuna lori la majani likanichukua kipande, nikafika hospitali nikiwa na matope mpaka kwenye tai. Mama alikuwa kwenye benchi la nje. Kofia iko magotini, leso amejifunga kiunoni, imelowa.

"Nilikutuma kanisani," akasema.

Babu alikuwa amelazwa, amewekewa mpira puani. Mama alikuja na mimi mpaka mlango wa wodi, akasimama hapo. Alikuwa amemkumbatia kuupanda mlima mzima, lakini mlangoni pa mahali anapolala akasimama.

"Mwambie babu yako niko hapa nje," akasema.

Nikaenda mpaka kitandani. Nilitafuta kitu cha kuongeza, nimezoea, kuku wa Jumapili au nini. Sikupata.

"Babu, mama anasema yuko hapo nje."

Alichukua muda mrefu kupata pumzi ya kusema. "Mwambie kofia asiiache kwenye unyevu."

Nikarudi mlangoni. Ni hatua chache tu, lakini niliubeba ule ujumbe kama maji kwenye sahani. "Anasema kofia usiiache kwenye unyevu." Mama akaitikia kwa kichwa, akaipangusa kwa kiganja, akaishikilia juu kidogo ili nafikiri babu aione kutoka kitandani.

Alifariki usiku huo. Tuliambiwa asubuhi.

Aliyemleta nyumbani ni yule mzee wa pikapu. Alikuwa ameiosha mpaka ndani, akaondoa mbao za ndizi, akatandika majani mabichi. Babu akateremka ile barabara kwa mwendo wa polepole sana, na watu wakasimama pande zote mbili kwenye chai. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Nilikiangalia hicho kiti, sikuliangalia jeneza.

Siku ya mazishi shangazi zangu waliona afadhali mama asiketi karibu na jeneza. Hawakumtukana. Walimwambia kwa upole kwamba watu wameona mambo ya leso, na mambo ya kofia, na mzee alikuwa mtu wa heshima zake, basi akae na wageni kule kwenye kivuli cha turubai la pili. Mama akasema ni sawa. Yeye ndiye alikuwa amempikia babu kila siku, na alimzika akiwa amekaa na watu waliokuwa wanauliza marehemu alikuwa na watoto wangapi.

Mimi nilikuwa napitisha soda. Baada ya kaburi kufunikwa nikamwona mzee wa pikapu akija mpaka lile turubai, akasimama mbali kidogo na mama.

"Mama," akasema, "mimi nina neno linanisumbua. Nilikuwa napita kwenu kila mwezi. Kijana wangu akaniambia gari lenu limetoka kwa fundi, utampeleka mzee wewe mwenyewe, nisisumbuke. Nikafikiri, nikienda kupigia honi mtu mwenye gari lake, nitakuwa namwambia mzee kwamba mwanawe hakumwachia kitu. Nikapita chini. Ningejua ni boda, ningekuja hata usiku."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Hukukosea," akasema. "Ni heshima ulifanya."

Kisha akachukua soda kwenye trei yangu, akamfungulia, akampa. Hakuniangalia. Nikaendelea kupitisha soda.

Asubuhi iliyofuata tulitoka kuchuma, kwa sababu chai haijui msiba, ukiiacha inakomaa. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mistari. Mama alishika mstari mmoja, mimi unaofuata, vikapu mgongoni, tunakata majani mawili na chipukizi, tunatupa nyuma ya bega. Mgomba mchoyo ulionekana kutoka pale, na nyumba mbili zinatazamana, moja imefungwa. Hakukuwa na mtu wa kumpelekea ujumbe.

Niliposhindwa kabisa nikatoa ufunguo. Nikamwambia yote, tangu ndoo ya vijiko. Nilisema mambo ya darasani, ya kliniki, ya mtihani wa hesabu ambao hata nilianguka. Nikasema kwamba nilikuwa kwenye duka. Nikasema kwamba nilicheka. Hilo nilifikiri ningeliacha, lakini likatoka pamoja na mengine.

Nikamnyooshea ufunguo juu ya michai. Hakuupokea. Mikono yake yote miwili ilikuwa imejaa majani. Nilingoja kofi, nilingoja hata nilitamani, nikawa nimekaza shavu upande huo.

Mama alitupa majani kikapuni, akaendelea na kichaka kilichofuata. Akachuma mpaka akakimaliza. Kisha akasema, bila kugeuka, akiangalia chai:

"Alikuwa mwepesi. Nimempikia muda wote huo na sikujua ni mwepesi hivyo. Wewe ungemshika kwa mkono mmoja."